Kusubiri Nafasi ya Ukufunzi

Nilirudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari katika sayansi ya mimea wakati hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza ilikuwa inaelekea kuisha. Nilimkuta mama katika kijiji ambacho serikali iliwahamishia watu, nje ya Ruiru, nyumba za udongo zimepangwa mistari. Baba alikuwa amefia kizuizini nikiwa masomoni. Nilidhani nikimwona mama nitalia. Alinipa uji, nikanywa, akaniuliza kama kule kulikuwa na baridi.

Chuo kimoja kilinialika kwa mahojiano. Wazungu watatu waliketi nyuma ya meza. Mzee wao, mkuu wa idara, alikuwa ameisoma tasnifu yangu kuhusu kutu ya majani ya kahawa, akaisifu kwa dhati. Kisha akauliza baba yangu anafanya kazi gani.

"Alikufa kizuizini," nikasema.

Wakatazamana. Wakanishukuru kwa kufika. Baadaye nilielezwa kwamba nafasi ya ukufunzi haipo, ila naweza kuwa msaidizi wa maabara, kazi ya kuosha chupa na kuchanganya dawa. Nilikataa kwa upole. Sikuona uchungu wowote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kidogo.

Nikaenda Thika kufundisha katika shule ya wavulana. Nilifundisha mbegu, mizizi na maua, nikala, nikalala. Walimu wenzangu waliponiita daktari kwa mzaha, nilicheka walipocheka.

Muhula wa pili ulikuwa umeanza nilipomwona yule mkuu wa idara amesimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi. Mkufunzi mmoja alikuwa ameacha kazi ghafla na kurudi kwao, na wanafunzi walikuwa wanakaa bure. Hakutaja mahojiano yale.

"Unaweza kuanza Jumatatu? Kama mkufunzi kamili."

"Naweza."

Alingoja niseme zaidi. Nikamwomba radhi, nikarudi ubaoni kumalizia somo.

Jumamosi nilimfuata mama kwenye shamba la kahawa alikokuwa kibarua. Huniita baba, kwa kuwa nina jina la babake. Nilimweleza habari hiyo huku tukichuma pamoja.

"Watakupa nyumba, baba?"

"Watanipa."

"Ya mawe?"

"Ya mawe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akahamia mti mwingine. Nilimwomba aje tuishi wote. Akasema hawezi kuwaacha majirani zake, ndio waliomsaidia kuzika nguo za baba, kwa kuwa mwili haukuletwa. Sikuwa nimeambiwa kuhusu nguo. Niliendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa.

Jumatatu karani wa chuo alinionyesha ofisi yangu. Ilikuwa na meza, kabati na dirisha lililotazama ukuta. Aliuliza kama nahitaji chochote. Nikamwambia hapana, akafunga mlango, nami nikakaa pale na koti langu mwilini hadi kengele ya kipindi cha kwanza ilipolia.