Kuta Zilizosubiri Wageni

Siku shule yetu ya Nyakiyumbu ilipobomolewa naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu tulishangilia. Nilikuwa kijana wa darasa la mwisho, na aliyetoa amri ya kuibomoa ni baba yangu, mwenyekiti wa wazazi. Ilikuwa shule ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, wazazi waliijenga kwa mikono yao. Wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wamekuja, wakapiga picha, wakaahidi madarasa ya matofali. Kontrakta akataka kiwanja kiwe wazi.

Mama Biira, mjane jirani yetu, ndiye peke yake aliyeuliza.

"Mwenyekiti, hawa watoto itasoma wapi kwa sasa?"

"Mama, ni miezi kidogo tu," baba alimjibu akicheka. "Wageni wameshasema."

Mama Biira hakucheka. Alimshika mjukuu wake mkono, akaondoka.

Matofali yalipanda mpaka usawa wa madirisha, kisha kazi ikasimama. Tuliambiwa kwamba serikali ya kwao wafadhili imebadilika na misaada ya shule za mbali imekatwa. Sisemi walikuwa watu wabaya. Mmoja wao alituma salamu za pole, nasi tuliamini kwamba ameumia kweli. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na watoto walikaa ndani ya kuta zisizo na paa, wamejifunika mifuko ya nailoni.

Baba alipendekeza tuchangie mabati, tuziezeke kuta zilivyo. Wenzake kwenye kamati wakakataa.

"Wageni wakirudi wakute tumeezeka, watasema hawa wanajiweza," walimwambia. "Msaada utapelekwa kwingine."

Baba akakubali tusubiri. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, mwanangu. Tuliogopa kuonekana kwamba tunaweza.

Nilikuwa na mdogo wangu, Kabugho, msichana mwenye akili kunizidi mimi. Asubuhi moja alirudi kutoka shuleni amelowa, akaweka madaftari juu ya meza.

"Baba, mimi nimechoka kukalia matope."

Akaanza kwenda na wanawake wa kijiji kubeba mizigo pale mpakani Mpondwe, vitenge na unga. Baba alimruhusu, akasema ni mpaka shule ipate paa. Mvua nyingine ikaja, wageni hawakuja, na Kabugho akaolewa na mchuuzi wa upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, angali mtoto.

Nilifuatana na baba kwenda kumrudisha. Kabugho alitoka nje akiwa na mimba, akapiga magoti akamsalimia kwa heshima. Kisha akauliza, "Baba, shule imepata paa?"

Baba akageuka, akashika njia. Tulirudi bila yeye.

Kesho yake baba alipanda juu ya nyumba yetu, akaanza kung'oa mabati. Mama alimtazama tu, kisha akaingia ndani, akahamishia matandiko jikoni. Tulipofika shuleni na mzigo ule, Mama Biira alikuja akashika ngazi.

"Ungetuita, mwenyekiti," alimwambia. "Tungekuja tangu zamani."

Na kweli, jioni ile watu walileta walichonacho, hata wale wa kamati. Shule ikaezekwa, fupi, mwalimu akiingia anainama. Watoto walirudi. Kabugho hakurudi, na baba alizeeka bila kulitaja jina lake mbele ya watu. Alipokuwa mgonjwa kitandani ndipo alipomwita Kabugho, wakati hata hakutambua nani alikuwa chumbani.

Sasa umekuja kuniambia kwamba hata kwenu Bwera msaada umesitishwa, kuta ziko nusu, na wenzako kwenye kamati wanasema msubiri. Sikiliza, mwanangu. Mtu akikupa, pokea kwa mikono miwili na umshukuru kwa moyo. Ila usibomoe darasa la watoto kabla jingine halijaezekwa. Wala usimwache mtoto anyeshewe ili mgeni amwonee huruma. Mgeni ana mambo ya kwao, na akishindwa kurudi, hatajua ni nani aliyeacha shule. Wewe utajua, maana utakuwa unakutana naye sokoni.

Waite watu kesho, hata wakija wachache. Mungu akutie nguvu mikononi, awafungue wenzako masikio, na watoto wa Bwera wote akuachie, asipotee hata mmoja.