Gauni Lisilo na Alama

Dobi alikuwa na lalamiko moja kubwa juu ya mke wake, na wenzake wa benchi walilijua kama wanavyoijua njia ya kwenda makwao. Mke wake alikuwa na tabia ya kuzungumza naye kutoka chumba kingine.

"Habari anaianzia jikoni," Dobi alikuwa akisema, "anaiendeleza uani, halafu anakuja sebuleni kuniuliza, sasa wewe unaonaje? Naonaje nini? Mimi nimeambulia mkia."

"Na wewe unamjibu nini?" Kinyozi alikuwa akiuliza, ingawa jibu alilijua.

"Namjibu, sawa."

Benchi lenyewe lilikaa baina ya duka la Dobi na kibanda cha Kinyozi. Saa kumi alasiri, kivuli kikishafika, walikaa watatu: Dobi, Kinyozi na Mwalimu. Mwalimu alikuwa amestaafu miaka minne iliyopita na hakuwa na kazi yoyote mtaa ule, ila mkewe alikuwa amemwambia kwamba mtu mzima hawezi kushinda ndani kama kabati. Walikuwa na masharti yao. Lalamiko liwe la nyumbani kwako, liwe la wiki hii, na anayesikiliza asitoe ushauri. Sharti la mwisho liliwekwa baada ya Kinyozi kufuata ushauri wa Mwalimu na kulala kwenye kochi siku nne.

Dobi alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya pasi. Alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Alitazama shati akakuambia mwenyewe hula akiwa amekaa au amesimama. Daftari hakuwa nalo. Kila mteja alikuwa na uzi wake, rangi yake na idadi yake ya mishono, ndani ya ukosi au chini ya pindo. Mshono mmoja mwekundu, mama wa duka la dawa. Mishono mitatu ya kijani, fundi bomba. Na kwa kuwa wateja huleta nguo mpya ambazo bado hazijashonwa alama, Dobi alijiwekea kanuni: nguo isiyo na alama ni ya yule ambaye nguo zake ziko chini yake kwenye lundo. Kwa miaka ishirini na sita kanuni hiyo haikumwangusha hata mara moja, na yeye hakuacha kulitaja hilo.

Nguo za nyumbani kwake hazikuwa na alama. Za nini? Mtu anazijua nguo za nyumbani kwake.

Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wao waliokwisha kuoa wakahama, alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo alihudhuria sherehe zote za shule ile akiwa jikoni. Alizijua hotuba kwa makofi yake tu, zilivyompitia dirishani. Sasa Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuagwa kwake. Angekaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, watu wakimtazama. Kwa ajili ya siku hiyo alishonesha gauni la bluu lenye ukanda, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, na wiki nzima alikuwa akilisifia kutoka jikoni.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliingia dukani akaliweka gauni juu ya lundo mezani. Dobi alikuwa uani akianika mashuka.

"Baba Pacha!" mke wake akaita kupitia ukuta. "Nimekuwekea gauni langu la Ijumaa hapa juu. Ukishalipiga pasi usilikunje, litundike!"

"Sawa!" akajibu Dobi, mdomoni ana vibanio viwili.

Jumatano mchana mke wake alirudi kula, akauliza, "Gauni langu liko tayari?"

Dobi alijiuliza moyoni, gauni gani? Lakini mdomo, uliokwisha kuzoea, ulikuwa umeshatangulia. "Liko tayari," ulisema.

"Nitalijaribu kesho jioni. Leo tuna kikao cha masufuria, nakabidhi."

Alipoondoka, Dobi alipekua duka lote. Alitazama kwenye kamba, nyuma ya mlango, ndani ya kapu la nguo zisizokuja kuchukuliwa. Kisha akakaa kitako juu ya kapu hilo, kwa sababu alikuwa amekumbuka. Jumatatu alipiga pasi gauni la bluu. Alilipiga vizuri mno, hata akajisemea kwamba mteja huyu leo ameleta kitu cha maana. Halikuwa na alama. Chini yake yalikuwepo mashati matano meupe, mishono miwili ya uzi wa bluu, ya Karani. Kanuni ni kanuni. Alilikunja mara nne, akalifunga pamoja na mashati, na Karani akachukua furushi lake jioni ile ile.

Saa kumi aliwaeleza wenzake yote.

"Hilo silipokei," Mwalimu akasema. "Hilo si lalamiko."

"Kwa nini si lalamiko? Ni la nyumbani, ni la wiki hii."

"Lalamiko huwa na mtu wa kulalamikiwa. Wewe unamlalamikia nani?"

Dobi akafikiri. "Alisema akiwa chumba kingine."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu sawa."

"Haya," Mwalimu akasema, akafuta miwani yake.

Kinyozi alikuwa ameshindwa kujizuia. "Mimi ningemwambia mke wangu wameliiba. Mwizi wa kwenye kamba. Wezi wapo."

"Waibe gauni moja waache mashuka?"

"Mwizi mwenye mke."

"Sharti namba tatu," Mwalimu akakumbusha. "Hakuna ushauri. Ila Dobi, kama ingekuwa mimi, ningeinuka sasa hivi niende kwa Karani. Huo si ushauri, naongea peke yangu."

Karani aliishi mtaa wa pili, nyumba yenye lango la mabati. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, wa ofisi ya ardhi, mtu wa kusema "shikamoo" hata kwenye simu. Alipofungua lango na kumwona Dobi, hakusema shikamoo. Alitoka nje, akalirudisha lango nyuma yake polepole.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "najua kilichokuleta."

"Gauni la bluu."

"Naomba unisikilize kwanza."

Ikawa hivi. Jumatatu jioni Karani alifika nyumbani na furushi. Mkewe akalifungua apange mashati, akakuta gauni jipya, limenyooka kama karatasi. Akalipanua. Akamtazama mumewe. Akasema, "Umenikumbuka." Na Karani, ambaye katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumnunulia mkewe kitu cha kuvaa zaidi ya kandambili, alifungua mdomo aseme ukweli.

"Ukasema nini?" Dobi akauliza.

"Nilikohoa."

Tangu hapo, Karani akaendelea kueleza, maisha yalikuwa yamebadilika. Chai ilikuwa ikimfuata kitini. Mkewe hakuuliza kwa nini taulo liko kitandani. Jana alimwita "mume wangu" mbele ya jirani. "Mzee wangu, siku tatu! Sijawahi kuishi hivi. Nitamwambia nini? Niache mpaka wikiendi, nitatafuta la kusema."

"Mke wangu anaagwa Ijumaa. Amekaa jikoni miaka thelathini na mmoja."

Karani akainamisha kichwa. Wakasimama hivyo, wanaume wawili waliokuwa na tatizo moja na gauni moja. Dobi alikuwa na haki ya kuingia akalichukua. Lakini ndani ya nyumba mwanamke alikuwa akiimba, anakosea maneno, anarudia, na Dobi akajiona mikono mizito. Aliaga, akarudi nyumbani bila gauni.

Alitembea taratibu. Njia nzima alijaribu yale maneno ya mwizi mwenye mke, na kila akiyasema yalizidi kuwa mabaya. Mke wake alikuwa jikoni, anamenya viazi, na alipomsikia mlangoni akaanza habari ya vifuniko vya masufuria vilivyopungua kwenye hesabu ya makabidhiano. Dobi hakukaa sebuleni. Alikwenda hadi jikoni, akasimama mbele yake kabisa, kiasi kwamba Mama Pacha akanyamaza akamtazama kama mtu aliyeletewa msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Gauni lako nimempa Karani."

"Karani analitakia nini?"

Akamweleza. Alimweleza lundo, mashati matano, kanuni, lango la mabati, hata kukohoa. Mama Pacha alimenya viazi vitatu vingine.

"Ulilipiga pasi kwa mikono yako," akasema mwishowe, "na hukujiuliza ni la nani?"

"Nilijua ni la mtu wa maana."

Akamtazama muda mrefu, akitafuta kama hilo lilikuwa ombi la msamaha au ujinga. Aliweka kisu chini. "Kesho nikitoka kazini tunakwenda wote. Na wewe usiseme kitu. Hasa usiseme sawa."

Alhamisi saa kumi benchi lilibaki na watu wawili. Dobi na mkewe walikuwa langoni kwa Karani. Karani alifungua, akawaona wote wawili, uso ukamshuka. Safari hii mkewe alikuwa nyuma yake: mwanamke mfupi, mchangamfu, ana pini za kushonea zimechomekwa kifuani kwenye blauzi.

"Karibu, mama," akamwambia Mama Pacha. "Nyinyi kaeni hapo hapo barazani."

Wanaume wakakaa ngazini. Mlango ukafungwa.

"Umemwambia?" Karani akanong'ona.

"Nimemwambia."

"Wako. Wangu je?"

"Huyo anaambiwa na wangu."

Karani akashika kichwa. Kutoka ndani yalisikika mazungumzo ya chini, kisha kicheko. Kicheko cha wanawake wawili kwa pamoja, kirefu, kinachoishia kwenye kukohoa makusudi, halafu kinaanza upya. Karani alikisikiliza akiwa ameinama.

Mlango ulifunguliwa. Mke wa Karani alikuwa na gauni mkononi.

"Wewe," akamwambia mumewe, "hujui hata namba ya kiatu changu, leo utajua saizi ya gauni? Nilijua siku ile ile. Nikasema ngoja nione atanyamaza mpaka lini. Jumanne nikakaa hapa mbele yako nikasema, gauni zuri ila refu, nalipunguza. Ukafanyaje?"

Karani akatazama ngazi.

"Ukanishikia futi!"

"Nilidhani..." Karani akaanza.

"Akanishikia futi, mama, akanisomea na vipimo."

Mama Pacha alikuwa akijifuta machozi kwa kiganja. Dobi pekee hakucheka. Alikuwa ameliona pindo. Lilikuwa limepandishwa vidole vinne, likashonwa kwa mkono.

"Umelikata?" akauliza.

"Sijalikata, baba. Ningeikataje nguo ya mtu? Nimelikunja tu. Ila nililipiga pasi likakaa."

Dobi alilipokea gauni kama daktari anavyompokea mgonjwa aliyetibiwa kwanza na mganga wa jirani. Njiani mkewe alisema habari nyingi, na yeye alikuwa akiutazama ule mkunjo. Bluu ni rangi ngumu. Mkunjo ukishapigwa pasi kwenye bluu, ukikunjuliwa huacha mstari, na mstari huo unaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Jioni ile alifunga duka mapema. Alifumua mishono mmoja mmoja kwa sindano. Alichanganya siki na maji, akalowesha kitambaa cheupe, akakitandika juu ya mstari, akashusha pasi. Akainua. Akatazama. Akarudia. Harufu ya siki ikajaa nyumba nzima, wakala nayo. Mama Pacha alikaa juu ya kapu akimwangalia, na kila alipotaka kuuliza, Dobi aliinua kidole. Mara ya tisa mstari ulikuwa umebaki kama wazo tu. Akalitundika. Hakulikunja.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Dobi alikaa safu ya tatu, shati lake lenyewe halijapigwa pasi kwa sababu muda haukutosha. Mama Pacha aliketi mbele, kwenye kiti chenye mikono, mgongo umenyooka, akisikiliza hotuba kwa mara ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Mwalimu mkuu aliusifu uji. Mwalimu wa hesabu alikokotoa sahani zote ambazo Mama Pacha alizipakua tangu aanze kazi, watu wakashangaa. Dobi hakusikia hata moja. Jua lilikuwa likisogea dirishani kuelekea pindo la gauni, naye alikuwa akilifuatilia kidole kwa kidole. Lilipofika, mstari ulionekana, lakini kwa mtu anayejua pa kutazama tu, na mtu huyo alikuwa mmoja.

Kisha wakamwomba Mama Pacha azungumze. Alisimama. Aliwashukuru walimu, akawashukuru wanafunzi waliokula bila kulalamika na waliolalamika wakala. Akalitazama gauni lake, akamtazama Dobi.

"Na mume wangu," akasema, "aliyenipigia pasi gauni hili mara mbili."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanawake wa safu ya mbele wakageuka kumtazama, mmoja akamwambia mumewe, "Unaona wenzako?" Walidhani ni mapenzi. Dobi naye akapiga makofi, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwasahihisha.