Kofia ya Mpinzani

Mke wangu alikataa kuifua ile kofia. Alifua mashuka, alifua suruali zangu za shambani zenye matope ya Ndabibi, alifua hata tambara la kushikia sufuria, lakini kofia yangu nyekundu ya sufu, yenye masikio mawili ya kufunga kidevuni, aliishika kwa vidole viwili akaiweka nje juu ya jiwe. "Hii mwenyewe aifue," akasema. Mwenyewe aliyemmaanisha si mimi. Ni yule mwingine, wa huko chini motoni.

Nilipostaafu ualimu, kanisa letu la mabati pale Karagita liliniomba niwafundishe vijana kuitetea imani yao. Wengi wao wanafanya kazi kwenye mashamba ya maua na wanaishi vyumba vya kupanga. Kazini mtu anasimama siku nzima kwenye meza ya kupanga waridi, na jirani yake hana la kufanya ila kumchokoza: kama Mungu yuko, mbona miguu yetu imevimba hivi? Vijana wangu walikuwa na jibu moja tu, "Biblia imesema." Ukiwauliza kwa nini waiamini Biblia, wanakwambia Biblia imesema. Nikaona hawa wataliwa wabichi.

Ndipo nikaitoa kofia sandukuni. Sheria ilikuwa rahisi. Jumamosi saa nane nikiivaa, mimi si mwalimu wala mzee wa kanisa, ni Mpinzani, nisiyeamini chochote, na kazi yao ni kunijibu. Saa kumi naivua, tunaomba, tunakunywa chai kwa mandazi. Siku ya kwanza nilisimama nikapaza sauti kama mhubiri: "Hakuna Mungu!" Nusu ya darasa ikaitikia, "Amen!" Ni mazoea. Mtu akisimama mbele yao na kupaza sauti, midomo inaitikia kabla masikio hayajasikia.

Sitawaficha, nilifurahia. Nina ulimi mrefu, na ualimu haukuwahi kuushibisha. Niliwaambia: nyinyi mnaombea mvua, mwenye shamba la maua ana pampu, haombi, sasa nani anavuna? Wiki tatu walihangaika na hilo. Ya nne, kijana mmoja wa bodaboda akainuka. "Mzee, na hiyo maji ya pampu imetoka wapi? Kwa tangi ya babako?" Darasa likalipuka. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nilitamani kumkumbatia.

Aliyewapita wote alikuwa binti mmoja wa meza za waridi. Alikuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na kila swali langu aliliandika kwenye daftari pamoja na majibu matatu. Nilidhani ni utamu wa mafundisho yangu. Siku moja, tukiosha vikombe, akaniambia ukweli.

"Mwalimu, kuna mtu nataka tumjibu. Ni brother yangu."

Walikuwa wawili tu duniani. Tangu walipomzika mama yao, kaka yake hakukanyaga kanisa. Yeye ni fundi wa magari Gilgil. Zamani alikuwa akija Karagita kila Jumapili kula kwa dada yake, lakini dada alikuwa akimhubiria na yeye akimpinga, mpaka ugali unapoa. Mwishowe akaacha kuja. "Nikimpoteza yeye, mwalimu, sina mtu mwingine," akasema, na akaendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa safi kitambo.

Mtu mwenye busara angemuuliza kaka alikuwa akisema nini hasa. Mimi nilisema, "Mlete."

Tulikutana Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, Jumapili baada ya ibada. Nilichagua Kikopey kwa sababu mtu akishika mbavu ya mbuzi moyo wake hulegea. Tulikuwa saba, tumevalia za kanisani. Kaka akaja na ovaroli, akatusalimia wote, na aliponifikia mimi akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Nikadhani sifa zangu zimefika Gilgil.

Mchomaji akaleta nyama, akaikata mbele yetu kwenye ubao, akamwaga chumvi pembeni. Kaka hakupata hata kuigusa. Kijana wa bodaboda alianza na chanzo cha ulimwengu. Mwingine akadaka na dhamiri ya mwanadamu. Kila kaka akisema neno, majibu matatu yalitoka kwa zamu, safi, kama nilivyowafundisha. Walimwingia kama siafu. Nami niko kichwani pa meza, natafuna, natikisa kichwa, najisifu kimoyomoyo. Binti peke yake ndiye aliyeacha kusema mapema. Alikuwa akimtazama kaka yake.

Mwishowe kaka akabaki kuitazama nyama. Na wote wakamkodolea macho, wakingoja. Hapo ndipo nilipoelewa wanachongoja. Walikuwa wanangoja avue kofia. Mpinzani pekee waliyewahi kumshinda ni mzee ambaye saa kumi ikifika anacheka, anasema amen, na kugawa mandazi. Mmoja wao, Mungu amsamehe, akauliza, "Sasa tuombe?"

Kaka akainuka. "Nimeshiba," akamwambia dada yake, na hakuwa ameonja hata kipande. Akaenda zake kandokando ya barabara. Mtu kuacha mbavu za moto Kikopey si jambo dogo. Mchomaji mwenyewe alitoka jikoni kuuliza kama nyama ina makosa.

Binti akaifunga sehemu ya kaka yake kwenye karatasi, polepole. Halafu akaniuliza mbele ya wenzake wote, "Mwalimu, tumeshinda?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atafute mahali pa kuweka mikono. Nikamwomba anipe ile nyama.

Kesho yake nilikwenda Gilgil, kwenye gereji yake. Mke wangu alikuwa ameipasha moto na kuifunga upya pamoja na ugali. Nikaonyeshwa lori, na chini ya lori nikaiona miguu miwili.

"Niaje, boss," nikasema. Nilitaka kuonekana wa kisasa.

Miguu ikatulia. "Poa, mzee. Umekuja round two?"

"Nimekuja na nyama yako."

"Weka hapo."

Nikaweka. Nikakaa juu ya gurudumu kuukuu, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nikauliza swali nisilokuwa na jibu lake. Nikamuuliza kwa nini alinitazama vile jana.

"Hunikumbuki," ikasema sauti. "Mathe alipokuwa mgonjwa, mlikuja watu wa kanisa kumwombea. Wewe ndio uliongoza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karai ya maji. Sister alikuwa kazini. Ulishika mathe kichwa, ukasema atapona, hakuna shaka. Ukasema kama hatapona, basi kuna mtu kwa hii nyumba hana imani." Nikasikia spana ikiwekwa chini. "Mzee, kwa hiyo nyumba tulikuwa tunaishi watatu."

Sikukumbuka uso wake, lakini maneno niliyatambua. Ni yangu kabisa. Niliyasema katika nyumba nyingi enzi zile, kwa sauti ileile ninayotumia nikiwa na kofia, na nyumba nyingi ziliitikia amen. Katika hii moja, kijana aliyachukua maneno yangu akalala nayo, akaamka nayo, akamzika mama yake nayo. Hakuwa amekataa kwamba Mungu yuko. Alikuwa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake kwa kukosa imani, na kuliko kuishi na hilo, alichagua kuwa hakuna Mungu.

Nilikuwa na majibu matatu. Yalikuja yenyewe, yakapanga foleni. Nikayafukuza.

"Nilikosea," nikasema. "Sikuwa na ruhusa ya kusema vile. Mungu hakuniambia. Ulikuwa mdomo wangu tu. Mama yako alikufa kwa ugonjwa, mwanangu. Wewe ulikuwa umembebea maji."

Chini ya lori miguu ikajikunja. Nilidhani nimeharibu tena. Halafu sauti ikasema, ndogo kuliko ya kwanza, "Sema tena."

Nikasema tena. Nilisema mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nalia, mzee mzima, naongea na miguu.

Akatoka chini ya lori. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Akaitazama nyama, akaitazama mikono. Nikaingiza mkono mfukoni kumtolea kitambaa, nikampa bila kuangalia. Alikuwa amekwisha kujifuta vidole vyote kumi tulipogundua kwamba ni kofia ya Mpinzani, iliyobaki mfukoni tangu Jumamosi. Akaikunjua, akayaona masikio yake mawili, akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu.

Akala. Sikumuuliza anaamini nini, na yeye hakuniambia. Alipomaliza mfupa wa mwisho aliniuliza swali moja tu.

"Sister yuko shift gani Jumapili?"

"Jumapili hafanyi kazi. Anapika."

"Mwambie asinihubirie mpaka nimalize kula."

Nikamwambia nitafikisha.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu yote, na maneno niliyomwambia yule mama pia, maana mke wangu naye alikuwapo siku hiyo na aliitikia amen. Kisha akainuka, akaichukua kofia kutoka juu ya jiwe, nilipokuwa nimeirudisha na oili yake, kwa mkono mzima safari hii, akaitumbukiza kwenye karai na kuanza kuisugua.