Ndege Aliyejibu Ng'ambo ya Bonde

Mume wangu ni bingwa, mwulizeni mwenyewe. Kazi yake ni kuwatembeza watalii msituni, na anajigamba anamjua kila ndege kwa sauti. Kaka yake naye kazi ni hiyohiyo, msitu ni huohuo. Ila tangu wazozane kwenye msiba wa baba yao, hawasemeshani. Wanaume wazima, ndevu hizo, wamenuniana kama watoto.

Sasa mama yao anatakiwa kufanyiwa upasuaji kesho, naye kagoma. "Sikanyagi hospitali mpaka wanangu wanipeleke wote wawili," kasema. Simu zangu hawapokei, eti zinafukuza wanyama. Basi nikavaa mabuti, nikaingia msituni nyuma ya mume wangu na watalii wake.

Raha iliyoje! Tumbili tulimwona mkia tu. Siafu ndio waliotuona vizuri, mpaka mapajani. Nikijaribu kusema neno, bingwa ananinyamazisha kwa kidole.

Ukingoni mwa bonde akaweka mikono mdomoni, akapiga mluzi wa ndege adimu, kama alivyofundishwa na baba yake. Ng'ambo akajibiwa! Watalii nusura wazimie. "Dume hilo," akanong'ona, "tena lina hasira." Akapiga, akajibiwa, akapiga tena. Tukateremka kwa magoti, darubini zikigonga mawe, hadi kwenye kichaka cha ng'ambo. Akatenganisha majani taratibu.

Kaka yake huyo hapo, mikono mdomoni, na watalii wake wamechutama nyuma.

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. "Shemeji," nikamwambia, "mmepiga soga asubuhi nzima, msijifanye hamjuani." Kisha nikawaeleza habari ya mama, na hapo kicheko kikaniisha. Naogopa. Mama mkwe yule ndiye mama pekee niliyebaki naye.

Shemeji akamgeukia mume wangu, akasema, "Mluzi unaukatisha mwishoni. Baba alikuwa anauvuta."

"Nilikatisha makusudi," akajibu mume wangu. Mwongo mkubwa.

Asubuhi yake mama alikuwa amejifunika shuka gubigubi, amesusa hata chai. Nje ya dirisha ukasikika mluzi. Wa pili ukaujibu. Yote miwili ilivutwa mwishoni.

Mama akafunua uso. "Yupi ni yupi?" nikamuuliza.

"Hata sijui," akasema, miguu ikitafuta viatu chini ya kitanda. "Nipe mkoba wangu, twende."