Uso wa Kijani wa Mama

Wiki iliyopita, kwenye maonyesho ya picha mjini, niliona mchoro wa mtu mwenye uso wa zambarau, nikamkumbuka baba, aliyekuwa akichora mabango ya maduka kule Igogo, kando ya ziwa.

Alasiri moja nikiwa mtoto, siku chache baada ya kumzika mdogo wangu Masanja, baba alikuwa uani akimchora mama kwenye ubao. Harufu ya rangi ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa kwa jirani. Tangu msiba huo mama hakuwa amelia wala kuzungumza. Baba alimpaka uso wa kijani, mdomo mkubwa ulio wazi, na nyuma yake ziwa jekundu.

"Baba, mama siyo wa kijani," nilisema.

"Najua, mwanangu."

Nilidhani rangi ya kahawia imemwishia, nikakimbia kuomba kwa fundi seremala. Sikujua kwamba alichokuwa akichora baba ni kilio kilichomkwama mama kifuani.

Niliporudi na kopo, mama alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao, analia kwa sauti.

"Usilie, mama. Rangi nimeleta, baba atakurekebisha."

Alinivuta akanikumbatia. "Asiiguse picha hii," alisema. "Huyo ndiye mimi."

Jioni ile, tukiwa tunakula, mama alilitaja jina la Masanja kwa mara ya kwanza tangu tumzike.