Friza la Hyasinta

Banda la gari la Gibson Masatu, nyuma ya nyumba yake kule Iringo, halikuwa na gari. Gari lilihamia Bunda na mwanawe Jastin, aliyeliazima kwa ajili ya msiba tu, mwaka juzi. Kilichobaki bandani ni friza ambalo marehemu mkewe, Hyasinta, aligandishia sato wa biashara. Sasa lilikuwa tupu, ila Gibson hakulizima. Kila jioni alikaa mbele yake juu ya ndoo, akalisikiliza likinguruma. Hapo nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Kisha breka ya umeme ya bandani ikaanza kukata. Friza likiwaka tu, inaruka, kimya.

Jirani yake Pastory, ambaye hakusomea umeme na kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote, alishauri. "Ing'oe hiyo, unganisha moja kwa moja. Mimi nilifanyaga hivyo kwangu, na si unaniona?"

Gibson alimwona. Akamwita Robi, fundi umeme, aje kuing'oa.

Robi alipima friza, akatazama sakafu iliyolowa, kisha miguu pekupeku ya mwenye nyumba.

"Mzee, breka ni nzima. Friza ndilo linavujisha umeme, bati lake lote. Hii inakata kabla umeme haujapita mwilini mwako kwenda ardhini. Nikiing'oa, tutajua Jumapili, usipoonekana kanisani."

Gibson alijaribu kuwaza ni nani angegundua kabla ya Jumapili. Hakumpata.

"Halitengenezeki?"

"Limeoza ndani. Kwani unagandishaga nini humu?"

Hilo halikuwa jambo la kumweleza fundi.

"Chomoa," alisema mwishowe.

Robi akachomoa, akapandisha breka. Ikakaa. Gibson alimkaribisha chai, lakini Robi alikuwa na kazi Bugwema na bodaboda aliyemleta alishawasha pikipiki. Akiwa mlangoni alimwonyesha kitufe kidogo kwenye breka.

"Uwe unabonyezaga hiki kila mwezi, baba. Isipokata, nipigie."

"Na ikikata?"

"Basi ni nzima. Usinipigie."

Mlio wa pikipiki ulipopotea, Gibson alibonyeza. Ikakata. Akaipandisha, akangoja kidogo, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi.

Ikakata vizuri kabisa.