Shemeji yangu katekista alikunywa maji ya rejeta, daktari akaagiza gongo

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu mambo, wakubwa zangu shikamooni.

Juzi humu jukwaani kuna mshikaji aliuliza kama coolant ni lazima au ni ujanja wa wauza spea, maana maji ya bomba yapo. Mmemjibu vizuri sana kuhusu kutu na gari kuchemsha. Ila kuna jambo moja hakuna aliyeligusa, na tangu nisome ule uzi nimekosa raha.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na sina sababu ya kuyatia chumvi, yalivyo tu yanatosha kukutoa jasho.

Ilikuwa Sumbawanga, miaka ya Ujamaa. Ile miaka ya foleni za sukari na sabuni, waliokuwepo wanaijua.

Mimi nilikuwa fundi magari Majengo, kwenye uwanja wa Mzee Salum. Huyu mzee alikuwa na duka na malori, na nyuma ya nyumba yake ndipo tulipotengenezea magari. Mimi ni mtu wa Mwazye, Mkatoliki. Yeye Mwislamu wa swala tano. Tuliishi kama baba na mwana.

Siku hiyo kulikuwa na Land Rover ya wageni wa kupima barabara. Dereva wao alikuwa mtu wa Mbeya, anaitwa Ambakisye. Gari lile lilikuwa limeletwa kwa barabara kutoka nchi za baridi huko, na lilipopanda milima ya kuingia Ufipa likaanza kuchemsha vibaya. Likafika kwetu linatoa mvuke kama sufuria ya maharage.

Nikaanza kazi. Rejeta imeziba nusu nzima na chini inavuja. Mpira wa juu umepasuka. Nikafungua koki ya chini ili nimwage maji.

Wakuu, yakatoka maji ya KIJANI.

Nilikuwa nimefungua rejeta nyingi, na nilichozoea ni maji ya kutu, mekundu kama chai. Haya yalikuwa kijani kibichi, yanateleza, yanang'aa. Nikadhani injini imeoza.

Ambakisye akacheka. "Usimwage, fundi. Hiyo ni dawa ya kuzuia maji yasigande kwenye barafu. Huku hatuipati kabisa. Ichuje, tutairudisha."

Nikaichuja kwa kitambaa, nikaiweka kwenye ndoo safi. Mbuzi wa jirani wakaanza kuinusa. Mzee Salum alipoona hivyo akaichukua mwenyewe, akaipeleka barazani kivulini, akaifunika na sinia. Pembeni pale ndipo palipokuwa na mtungi wa maji ya kunywa na vikombe vya bati.

Hakuna aliyewaza lolote. Nani angewaza?

Mimi nikaendelea na rejeta yangu. Nikaing'oa, nikaisukumia maji kwa kinyumenyume mpaka tope lote likatoka, nikakaa kuziba pale panapovuja kwa risasi ya kuyeyusha.

Ndipo akaja shemeji yangu Kasimiri, mume wa dada yangu Anastazia. Alikuwa ametoka Mwazye na lori la alfajiri, ameleta ulezi kuuza.

Ili mwelewe kilichofuata, lazima mumjue Kasimiri. Alikuwa katekista. Ufipa ni nchi ya pombe ya ulezi, watu wanalima pamoja, jioni wanakunywa pamoja. Yeye alikuwa ameapa kanisani, mbele ya watu wote, kwamba hatagusa kilevi maisha yake yote. Na hakugusa. Hata kwenye harusi yake mwenyewe alikunywa uji.

Tukasalimiana Kifipa. Mikono yangu ilikuwa na risasi ya moto, nikamwambia apumzike barazani, nikimaliza tutakwenda wote sokoni. Akaenda.

Jua lilipofika utosini nikasikia watu wanacheka uwanjani. Nikainua kichwa.

Kasimiri anatembea anapepesuka. Anashika ukuta, anauachia, anaushika tena. Anajaribu kuongea, ulimi mzito.

"Katekista kalewa!" mtu akapiga kelele. Watu wakatoka madukani kuja kutazama. Wengine wanapiga makofi.

Aisee, nilitamani ardhi ipasuke. Na ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kwenye uwanja wa mtu aliyefunga! Nikamshika bega nimpeleke ndani, nikiwa nimekasirika kwelikweli.

Lakini nilipomsogelea usoni, nikanusa. Hakuna harufu ya pombe. Hata kidogo.

"Shemeji, umekunywa nini?"

Akanitazama kwa aibu kama mtoto. "Nisamehe, shemeji. Nilisikia kiu. Nimeiba sharbati yao ya futari."

"Sharbati gani?"

"Ile ya kijani. Tamu. Nilimaliza kikombe, nikaongeza kidogo."

Nikageuka kutazama ndoo. Sinia lilikuwa limewekwa pembeni vizuri kabisa, kwa adabu.

Ambakisye alikuwa nyuma yangu, amesikia kila neno. Uso wake ulibadilika rangi. "Fundi, huyu mtu anakufa. Bosi wangu alikuwa na mbwa, alilamba hiyo kitu ilipomwagika. Siku ya kwanza alikuwa anayumba hivihivi. Hakupona."

Watu waliokuwa wanacheka wakaanza kurudi nyuma.

Hospitali iko mbali kwa mguu. Malori yote ya Mzee Salum yako safarini. Gari pekee pale uwanjani ni ile Land Rover, na rejeta yake iko mezani kwangu.

Ambakisye akasema, "Iwashe."

Nikamwambia, "Haina rejeta. Haina tone la maji. Utaiua injini."

"Injini inanunuliwa. Mtu hanunuliwi. Mpandisheni!"

Tukampandisha. Mzee Salum akaruka nyuma na kanzu yake, akampakata kichwa. Ambakisye akaondoa gari.

Ninyi mafundi mnajua ile hofu. Nilikuwa nimekaa mbele namsikiliza mnyama anakufa, yaani ile injini. Mwanzo alikwenda vizuri, maana alikuwa amepoa. Baadaye mshale wa joto ukaanza kufanya mambo ambayo si ya kawaida. Kilima cha mwisho harufu ikaingia ndani, rangi inaungua, oili inaungua, na injini inagonga kama kuna mtu ndani anataka kutoka. Tukaingia getini, gari likazima lenyewe na halikuwaka tena.

Daktari alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mkali, Kiswahili anakijua ila anakikata kama kuni. Ambakisye akamweleza habari ya dawa ya rejeta. Yule mama hakumwacha amalize.

"Nataka pombe kali," akasema. "Sasa hivi."

Nikadhani sijasikia. "Pombe, dokta? Ya nini?"

"Ya mgonjwa. Hii sumu, mwili ukianza kuivunja, inaua figo. Pombe inauzuia mwili usiivunje. Spirit yetu ya vidonda imechanganywa na sumu nyingine, siwezi kumpa. Pombe ya ulezi ni nyepesi mno. Nataka kali. Iko wapi?"

Mnisikie vizuri. Daktari wa hospitali ananiambia mimi nikatafute GONGO, nimnyweshe katekista. Enzi zile gongo ilikuwa jela moja kwa moja. Na madukani hakukuwa na chupa yoyote ya kali, kulikuwa na kiberiti na chumvi tu, siku nyingine hata kiberiti hakuna. Parokiani divai ipo, ila daktari alisema nayo haifikii ukali anaoutaka.

Kila mtu mjini alijua anayepika ni Mama Flora wa Chanji. Lakini nani angemfungulia mtu asiyemjua, na nani angeibeba njiani bila kukamatwa?

Nikakimbia kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu mnene, anapenda sana sheria. Nikamweleza huku nahema. Akavaa viatu, tukatoka.

Mama Flora alipotuona mlangoni akacheka kwa uchungu. "Balozi, juzi tu umeleta mgambo wakanivunjia mitungi. Leo umekuja na mtego mpya?"

Balozi akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia kwa mtu. "Mama Flora, kuna mtu anakufa hospitali. Daktari ameomba. Nipe niibebe mimi mwenyewe, mchana huu, watu wote waone. Wakikamata, waanze na mimi."

Yule mama akatusoma usoni. Akaingia ndani, akafukua chini ya majivu, akatoka na chupa mbili. "Hii ni ya kwanza kutoka, ndiyo kali kuliko zote," akasema. "Mwambieni daktari haijachanganywa na kitu."

Balozi akapita nazo katikati ya mji, moja kila mkono. Watu wakabaki midomo wazi.

Tulipofika, daktari akainusa, akaionja kwa ulimi, akakunja uso, akaizimua kwa maji. Muuguzi akampelekea Kasimiri kikombe.

Kasimiri akafunga mdomo.

Alikuwa bado anajitambua. Akageuza uso ukutani. "Hii ni pombe," akasema polepole. "Nimeapa mbele ya altare. Niacheni nife msafi."

Nikamsihi. Nikamtajia dada yangu. Nikamtajia wanawe. Daktari akafoka, akasema kila dakika inakula figo zake. Haikusaidia. Muuguzi akaanza kulia.

Mzee Salum alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaja, akachukua kikombe mkononi mwa muuguzi, akakaa kitandani.

"Kasimiri," akasema. "Mimi nimefunga. Na tangu nizaliwe mkono wangu haujashika pombe. Leo nimeishika, unaiona. Dini yangu inasema mtu akiwa anakufa, kile kilichokatazwa kikiwa ndicho cha kumwokoa, kinaruhusiwa. Sijui yako inasemaje. Lakini ile sumu umeikuta barazani kwangu. Ukifa, nitamwambia nini Mungu, mimi niliyeiweka?"



Kasimiri akageuka. Akakitazama kile kikombe, akayatazama machozi kwenye ndevu za yule mzee. Akafungua mdomo.

Mzee Salum akamnywesha kama anavyonyweshwa mtoto dawa. Kasimiri alikohoa, akatapika kidogo, akanyweshwa tena. Ikawa hivyo kila saa, usiku kucha, tunapokezana.

Sasa mnajua habari mbaya haihitaji nauli. Kesho yake mchana dada Anastazia akaingia wodini na vumbi la njia nzima ya Mwazye. Kule walikuwa wameambiwa hivi: katekista amelewa mjini mpaka amelazwa.

Akaingia ameshika kanga kiunoni. Akanusa. Chumba kizima kinanuka gongo, na mumewe ndiye anayenuka kuliko wote. Sijawahi kuona uso wa namna ile. Haikuwa hasira, wakuu. Ni kama mtu amerudi nyumbani akakuta nyumba haipo.

Nikaanza kumweleza. Muuguzi naye akaingia na kikombe. "Ni saa yake."

Dada akauliza, "Asipokunywa?"

"Atakufa, mama."

Akasimama pale. Huyu ndiye mwanamke aliyeacha kupika pombe ya ulezi kwa ajili ya kiapo cha mumewe, akachekwa na wanawake wenzake kila msimu wa kulima kwa kuwapa watu togwa isiyolevya. Akanyoosha mkono, akakipokea kikombe, akampitishia mumewe mkono chini ya shingo.

"Kunywa, baba Oswadi," akamwambia. "Kunywa yote."

Mimi nikatoka nje, nikalia nimeegemea ile Land Rover iliyoungua.

Kasimiri alipona, wakuu. Figo zilimsumbua, miguu ilivimba muda mrefu, alirudi Mwazye amekonda kama mwiko. Wageni wa barabara hawakutulaumu kwa injini. Nilifungua silinda hedi nikakuta gasketi imekuwa mkaa na hedi yenyewe imepinda. Ilichukua muda mrefu kupata nyingine. Mama Flora hakusumbuliwa kwa kipindi kirefu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kasimiri mwenyewe, Jumapili ya kwanza alipoweza kusimama, alikwenda mbele ya waumini kabla maneno hayajamtangulia. Akasema, "Ndugu zangu, ni kweli nimekunywa gongo. Ililetwa na balozi, nikanyweshwa na Mwislamu aliyefunga, akamalizia mke wangu. Anayetaka kunihukumu, aanze na hao."

Kanisa zima likacheka mpaka padre akakaa chini. Aliendelea kufundisha watoto katekisimu hadi uzeeni, na hakuonja tena.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeuliza, weka coolant, ni nzuri kwa injini. Ila ijue ni tamu na inaua. Iliyomwagwa isikae kwenye chombo cha kulia wala kunywea, hata kwa dakika moja. Mtoto au mbuzi akiigusa, usisubiri aanze kuyumba. Na akinywa mtu, kimbia hospitali, taja jina la alichokunywa. Msianze kunyweshana pombe nyumbani kwa sababu ya uzi wangu, siku hizi wana dawa zao.

Na mtu akipepesuka mbele yako, mnuse kwanza kabla hujacheka.

Nimemaliza. Mafundi, wauguzi na watu wa Rukwa mliomo humu, kama liliwahi kuwakuta jambo la namna hii, kiti kipo, kaeni mseme.